Safari ya Tembe ya Maumivu Mwilini

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa timu ya kandanda aliumia goti. Badala ya kwenda kumwona muuguzi, akawa anaomba tembe kwa marafiki bwenini: leo ibuprofeni, kesho daiklofenaki, siku nyingine zote mbili, hata kama hajatia kitu tumboni. Sisi tulimcheka tukamwita "duka la dawa". Wiki ya tatu akatapika kitu cheusi kama unga wa kahawa. Kumbe ni damu! Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mimi nilibaki na swali: dawa ya goti ina ugomvi gani na tumbo? Nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, nikapekua na vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sehemu ya mwili inapoumia, seli zake hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi ndizo huleta uvimbe, joto na maumivu. Aspirini, ibuprofeni, daiklofenaki na naproksini zote ni ndugu wa ukoo mmoja: hukifunga kimeng'enya kinachozitengeneza prostaglandini. Siri hii ilifichuliwa mwaka wa 1971 na Mwingereza John Vane, akatuzwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982.

Sasa sikilizeni vizuri. Prostaglandini hizo hizo, zikiwa tumboni, ni askari walinzi. Huchochea ute unaozikinga kuta za tumbo zisichomwe na asidi, na huhakikisha damu inafika huko ya kutosha. Dawa nayo haijui njia ya goti peke yake. Husafiri katika damu mwili mzima, ikawapokonya walinzi wa tumbo silaha. Ndiyo sababu hata mgonjwa aliyedungwa sindano anaweza kupata vidonda vya tumbo. Kula kwanza hupunguza kuwashwa tumboni, lakini hakuondoi hatari yote.

Wanasayansi wakakuna vichwa. Walijua kuna gesi moja, naitriki oksaidi, ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kupanua mishipa ya damu. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998 kwa kufafanua kazi yake. Tumboni gesi hii husaidia kuleta damu na ute, yaani kazi ile ile ya walinzi walionyang'anywa silaha. Basi wakasema: mbona tusiifunge dawa pamoja na kipande kinachotoa gesi hii? Kampuni ya NicOx ya Ufaransa ikatengeneza naproksinodi.

Je, tembe hiyo ikimezwa huendaje? Vimeng'enya vya mwili huikata vipande viwili. Kipande cha kwanza ni naproksini ile ya kawaida. Kikiingia katika damu hushikamana na protini iitwayo albumini, zaidi ya sehemu 99 kwa kila 100. Huchukua saa 12 hadi 17 kwa nusu yake tu kuondoka. Ini hukibadilisha, figo zikakitoa kwa mkojo. Kipande cha pili huachilia naitriki oksaidi polepole. Gesi yenyewe haina maisha marefu, ni sekunde chache tu. Ikikutana na hemoglobini ya damu hugeuka naitreti, nayo hutoka kwa mkojo.

Mambo yalikuwa mazuri kwenye majaribio, kwani dawa hiyo haikupandisha shinikizo la damu kama naproksini ya kawaida. Hata hivyo, mwaka wa 2010 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilikataa kuiidhinisha. Ilitaka uchunguzi wa muda mrefu zaidi kuhusu usalama wake kwa moyo na tumbo. Wazo zuri peke yake halitoshi, lazima lithibitishwe.

Kwa hivyo, wenzangu, tusingoje tembe ya miujiza. Mwenzetu alidhani anameza dawa mbili tofauti, kumbe alikuwa anawapiga walinzi wale wale mara mbili. Usichanganye tembe za ukoo huu, usizidishe kipimo, wala usimeze tembe ya kuombaomba bwenini. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usione haya: mwambie matroni au mwalimu upelekwe hospitali mara moja. Nasi tuliozoea kucheka, siku nyingine tumshike mwenzetu mkono tumpeleke kwa muuguzi. Wahenga hawakukosea waliposema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.