Mboga za Alfajiri katika Mawe ya Mugunga

Ufikapo mwisho wa mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimeikausha Mugunga tangu mwezi wa sita, mkulima wa mboga huko magharibi ya Goma hushindana na ardhi isiyojua kuweka maji. Maana shamba lake limekalia mawe ya moto yaliyomwagwa na volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira yakapoa, nayo maji, ya mvua na ya mabido (madumu) yaliyobebwa kutoka Ziwa Kivu, hupenya nyufani yakatoweka.

Hata hivyo mawe hayo, yakisagika kwa dahari, hutoa udongo mweusi wenye potasi tele, na mvua huukokota hadi mabondeni. Huko ndiko lengalenga, yaani mchicha, inakositawi. Ukikata ncha ya shina, machipukizi ya ubavuni, yaliyokuwa yakizuiliwa na ncha hiyo, huamka yakaleta mavuno mengine. Saa bora ya kukata ni alfajiri, kwa kuwa usiku kucha mizizi imeyajaza majani maji, ilhali adhuhuri vitundu vyake huyapoteza, na fungu likafika sokoni limenyauka.

Taabu ni kwamba bonde lile lile, saa ile ile, aghalabu hukaliwa na mazuku. Hii ni hewa ya ukaa ipandayo kutoka chini ya ardhi ya volkeno, haina rangi wala harufu, na uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya hewa ya kawaida. Usiku usio na upepo hutuama mashimoni, hata jua na upepo viitawanye. Ikizidi sehemu 10 katika 100, mtu huzimia kwa dakika chache. Aliyesimama huenda akapumua salama, lakini ainamapo kukata mboga, au mtoto aketipo chini kumngoja mamaye, pua huzama ndani yake. Wala mtu asidhani kwamba mimea, kwa kuwa hula hewa hiyo kwa majani, huifurahia popote: ikijaa udongoni huifukuza oksijeni, mizizi ikakosa pumzi.

Kwa rai yangu, heri kupoteza ubichi kidogo: jua lipande kwanza, mtoto abaki juu ya jiwe lililoinuka, kisha mafungu yanyunyiziwe maji na kufunikwa kwa jani la mgomba kabla ya kupakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.