Shotigani, raifo au bastola kwa shamba la Hasamba?

Nguruwe pori wakikulazia mahindi usiku mmoja, asubuhi unawaza bunduki. Kwa mkulima wa Hasamba, wilayani Mbozi, anayetaka kuomba leseni, naanza na swali hili: risasi ikimpiga mnyama, au ikimkosa, inaishia wapi?

Risasi ya bastola ya milimita 9 ina kichwa cha gramu 8 hivi, mwendo wa mita 350 kwa sekunde, nguvu kama juli 500. Inatoboa tundu linalokaribiana na unene wake, basi. Nguruwe anaweza kuondoka nayo mwilini. Shambani usiitolee hela.

Ya raifo ya .30-06 ni ndefu kama kidole cha kati. Kichwa chake ni gramu 11 na ushee tu, lakini kinapita mita 800 kwa sekunde, karibu juli 3,900, na kwa kasi hiyo nyama huchanika hata pembeni mwa njia ya risasi. Ila ikikosa husafiri kilometa kadhaa, na huku Mbozi nyumba zimo katikati ya mahindi na kahawa. Risasi zake pia ni ghali.

Shotigani namba 12 ndiyo chaguo langu, na hapa ndipo watu hukosea, kwa kununua ganda lolote. Marisau madogo ya kwale humjeruhi nguruwe tu, naye humngoja kichakani atakayemfuata kukipambazuka. Nunua ganda la marisau makubwa tisa, kila moja unene wa milimita 8.4. Kwa karibu yanaingia yote pamoja, jumla juli 2,500 hivi. Lakini hutawanyika sentimita 2 hadi 3 kila mita: kwenye mita 25 yameenea zaidi ya nusu mita, na kila moja peke yake ni dhaifu kuliko risasi ya bastola. Usipige zaidi ya mita 20. Yakikosa, bado yanaweza kumdhuru mtu mita mia kadhaa mbele.

Hesabu pia leseni, kwa Sheria ya Silaha ya 2015, na sanduku la chuma la kufungia. Gobole lisilo na leseni ni rahisi kulipata, na linakupeleka jela. Mwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya, umwombe msaada dhidi ya nguruwe hao. Huenda usihitaji kununua chochote.

Na kabla ya kulipa, simama usiku pale utakapopigia, umulike tochi. Mwanga ukigonga ukuta wa jirani, hapo hapafai bunduki yoyote.