Kipimo kile kile, maana tofauti

Mtu akiambiwa kipimo ni sahihi kwa asilimia 99, kisha majibu yakatoka chanya, papo hapo hujihesabu mgonjwa kwa asilimia 99. Hapo hesabu hutupiga chenga wengi, hata wenye shahada, na kosa hili laweza kuvunja ndoa.

Ile 99 inaeleza kipimo kinavyofanya kwa watu ambao hali zao zimekwisha kujulikana: katika wagonjwa 100 kitawanasa 99, na katika wazima 100 kitawaachia 99. Mwenye majibu mkononi anauliza jambo jingine: nimetoka chanya, je, ninaumwa? Hilo halijibiki mpaka ujue ugonjwa umeenea kiasi gani kwa watu wanaopimwa.

Tuache asilimia, tuhesabu watu. Chukua mfano wa watu 10,000, mmoja kati ya kila 100 akiwa na virusi vya UKIMWI (VVU). Walioambukizwa ni 100. Kipimo kitawanasa 99. Wazima ni 9,900, na katika kila 100 kitamsingizia mmoja. Hao nao ni 99. Jumla ya chanya ni 198, na nusu yao hawana kitu! Peleka sasa kipimo kile kile mahali ambapo walioambukizwa ni 30 kati ya 100. Walionaswa kwa haki watakuwa 2,970, waliosingiziwa 70 tu.

Ndiyo maana kituo cha afya hakikuthibitishii VVU kwa kipimo kimoja. Ukitoka chanya, mhudumu anapima tena kwa kipimo cha aina nyingine, maana cha aina ile ile huenda kikarudia kosa lile lile. Wale 99 waliosingiziwa hubaki kama mmoja hivi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zithibitishe kwa vipimo vitatu mfululizo: wengi wenye virusi wanajua hali zao na wako kwenye dawa, hivyo wanaojitokeza kupima sasa wengi wao ni wazima, na waliosingiziwa wanazidi kuwa sehemu kubwa ya chanya zote.

Wanaonitia wasiwasi ni wanaojipima nyumbani, usiku, bila mshauri pembeni. Mistari miwili, yaani chanya, ikitokea, mtu huyo bado yumo katika wale 198. Hajapimwa mara ya pili, na kituo kinafunguliwa asubuhi.