NJAA, LISHE NA NAFSI: MWALIMU WA LUGHA AJUE NINI?

Utangulizi

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha fasihi simulizi katika kipindi cha saa mbili asubuhi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, ambaye hapo awali alikuwa akiinua mkono hata kabla swali halijaisha, alianza kubadilika. Alihamia viti vya nyuma. Wenzake walipocheka yeye hakucheka. Siku ya kuwasilisha kazi yake alisimama mbele ya darasa, akasoma mistari mitatu, akanyamaza. Nami niliandika katika daftari langu: "Hana bidii."

Baada ya kipindi mwakilishi wa darasa alinifuata ofisini. "Mwalimu, samahani," akasema. "Mwenzetu huyu si mvivu. Anakula mara moja tu kwa siku, jioni. Siku nyingine ni kikomando cha kugawana na mwenzake wa chumba." Wasomaji wetu walio nje ya Uganda wajue kwamba kikomando ni chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula kinachowaokoa wanafunzi wengi wenye mfuko mwepesi.

Nilifuta yale maneno mawili, lakini swali lilibaki: je, njaa inaweza kumbadilisha mtu tabia kiasi hicho, au nilikuwa nikimtafutia kijana kisingizio? Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili chepesi tafiti chache zinazohusu lishe na afya ya akili, na kuonyesha ni wapi sisi watu wa lugha tunahusika.

Maneno kwanza

Wahenga hawakuwa na maabara, lakini walilitazama jambo hili kwa makini. Walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Methali hiyo haisemi juu ya tumbo. Inasema juu ya hali ya mtu mzima: njaa humlegeza mtu, mwili na moyo pamoja. Aliyesema "Adui mwombee njaa" naye alijua kwamba mwenye njaa hushindwa kabla hajapigwa.

Istilahi za leo tunazo pia, ila mara nyingi tunazichanganya. Kutokana na kitenzi -la tunapata -lisha, na kutokana na -lisha tunapata lishe, yaani chakula kikitazamwa kwa upande wa kile kinachoupa mwili. Mtu anaweza kushiba kwa posho tupu na bado akakosa lishe bora. Utapiamlo ni hali ya mwili kukosa uwiano wa lishe unaohitajika. Unyafuzi ni aina moja ya utapiamlo mkali wa watoto. Kwa upande wa nafsi, msongo wa mawazo ni ule mzigo unaotokana na shida au kazi nyingi, na unaweza kupungua shida ikiondoka. Sonona ni ugonjwa: huzuni au kukosa hamu kunakodumu kwa majuma, kukiambatana na kuvurugika kwa usingizi, ulaji na uwezo wa kufanya kazi. Neno hili limetokana na kitenzi cha zamani, -sonona, kuumia moyoni. Kenya wengi husema unyogovu. Mwanafunzi anayetafsiri sonona na msongo kwa neno moja ameshapoteza nusu ya habari.

Vijana 36 wa Minnesota

Utafiti unaosimuliwa zaidi kuhusu njaa na nafsi ulifanyika Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kuanzia Novemba 1944 hadi mwishoni mwa 1945. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na watu wengi wa Ulaya walikuwa wakifa njaa. Mtaalamu Ancel Keys na wenzake walitaka kujua njia bora ya kuwarudishia afya watu wa namna hiyo. Vijana 36 wa kiume, wenye afya njema, waliokuwa wamekataa kupigana kwa sababu za dhamiri, walijitolea.

Kwa majuma 12 walilishwa vya kutosha. Kisha kwa majuma 24 chakula chao kilipunguzwa hadi karibu nusu ya kile walichokuwa wakila, nacho kilikuwa hasa viazi, mkate, tambi na mboga za mizizi, mfano wa kile kilichopatikana Ulaya wakati wa vita. Huku wakila hivyo, walitakiwa kutembea kilometa 35 hivi kila juma. Mwishoni mwa kipindi hicho walikuwa wamepoteza karibu robo ya uzito wao.

Kilichowashangaza wengi ni mabadiliko ya nafsi. Vijana waliokuwa wachangamfu walijitenga. Mzaha uliwaishia. Waliwaka hasira kwa mambo madogo, na hamu yao kwa wanawake ilififia. Walianza kuota chakula, kuzungumza chakula, na baadhi yao kukusanya vitabu vya mapishi ambavyo hapo awali hawakuvijali. Wengine waliingia katika huzuni kubwa, na mmoja alijikata vidole kwa shoka. Hata walipoanza kulishwa upya, nyoyo hazikurudi mara moja pamoja na chakula.

Jambo moja linatuhusu sana sisi walimu. Vijana hao walilalamika kwamba hawawezi kuyakusanya mawazo yao, lakini walipopimwa kwa majaribio ya akili, matokeo hayakuonyesha kwamba akili yenyewe imepungua. Akili ilikuwapo, kilichokauka ni hamu, subira na nguvu ya kuitumia. Niliposoma matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1950, nilimkumbuka kijana wangu na ile mistari yake mitatu. Sisemi kwamba mlo mmoja kwa siku ni sawa na jaribio lile, wala kwamba kila mwanafunzi mkimya ana njaa. Nasema kwamba neno "bidii" nililiandika mapema mno.

Kutoka Mulago hadi Jamaika

Tusidhani kwamba elimu hii yote imetoka mbali. Neno kwashiorkor, ambalo Kiswahili kimeliita unyafuzi, limetoka katika lugha ya Kiga ya Ghana (si Kiga cha Kigezi). Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, alilichukua kwa akina mama wa huko na kuliingiza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935. Kwa akina mama hao, ulikuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake yuko njiani au amezaliwa. Tazameni jinsi jina lilivyobeba maelezo mazima: mtoto amepoteza maziwa, na pia amepoteza mahali pake kifuani kwa mama.

Hapa kwetu, hospitali ya Mulago ilikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya utafiti wa ugonjwa huo. Hugh Trowell na wenzake walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Madaktari waliona kwamba mtoto mwenye unyafuzi havimbi miguu tu. Hatabasamu, hachezi, hulia kwa sauti ya kinyonge akiguswa, na hata chakula chenyewe hukikataa. Ndiyo maana tabasamu la kwanza lilihesabiwa kuwa dalili njema ya kupona. Baadaye Mulago ilipata kitengo cha Mwanamugimu, jina la Kiganda linalomaanisha mtoto mwenye afya, ambako akina mama hufundishwa kupika kitobero: chakula kikuu, kunde au nyama au samaki, na mboga za majani katika mlo mmoja wa mtoto.

Lakini je, chakula peke yake kinatosha? Swali hili lilijibiwa vizuri huko Kingston, Jamaika. Watafiti walioongozwa na Sally Grantham-McGregor waliwachukua watoto 129 wa umri wa miezi 9 hadi 24 waliodumaa. Kundi moja lilipewa nyongeza ya maziwa kila juma. Kundi la pili lilitembelewa kila juma na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto wake, kwa vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata nyongeza hizo. Baada ya miaka miwili, matokeo yaliyotolewa mwaka 1991 yalionyesha kwamba maziwa yalisaidia ukuaji wa akili, mazungumzo na michezo vilisaidia, na waliopata vyote viwili walisaidika zaidi.

Watoto hao walifuatiliwa hadi wakawa vijana wa miaka 17 na 18. Waliochezewa na kuzungumzishwa walikuwa na wasiwasi mdogo, dalili chache za sonona, na walijithamini zaidi. Faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena katika mambo hayo. Walimu wa lugha, tusilipite jambo hili haraka. Vitendawili, nyimbo za kubembelezea na hadithi za jioni tunazozifundisha kama tanzu za fasihi simulizi ni miongoni mwa njia za kumzungumzisha mtoto. Mtoto anahitaji kulishwa chakula, na anahitaji kulishwa maneno.

Je, chakula ni dawa ya sonona?

Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Felice Jacka walitoa matokeo ya jaribio la majuma 12 kwa watu wazima 67 wenye sonona ya kati hadi kali. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kula mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, karanga za aina mbalimbali na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitu vitamu na vya kukaangwa. Kundi jingine lilipata mtu wa kuzungumza naye tu. Mwishoni, karibu theluthi moja ya kundi la chakula walikuwa wamefikia hali ya kutohesabiwa tena kuwa na sonona, ikilinganishwa na asilimia 8 ya kundi la mazungumzo.

Habari hizi ni njema, lakini zina mipaka yake. Watu 67 ni wachache, na washiriki walijua wamo katika kundi gani, jambo linaloweza kuathiri majibu yao. Isitoshe, jaribio kubwa zaidi la watu 1,025 katika nchi nne za Ulaya, lililotolewa mwaka 2019, lilipima kama vidonge vya virutubisho vingezuia sonona kwa watu wenye uzito uliozidi. Havikuzuia. Kwa hiyo anayekuuzia kichupa barabarani kwa ahadi ya kukuondolea huzuni, mwombe ushahidi kwanza. Na mgonjwa anayetumia dawa za daktari asiziache kwa sababu ameanza kula dodo na mukene, ingawa dodo na mukene ni vyakula vizuri.

Vitenzi vinavyodanganya

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Mtafiti akiandika kwamba ulaji mbaya unahusiana na sonona, gazeti huandika kwamba unasababisha sonona, na msomaji humwambia jirani yake kwamba aliyepatwa na sonona amejitakia. Yote yameharibika katika kitenzi kimoja. Ulaji mbaya unaweza kuchangia huzuni. Huzuni nayo humfanya mtu aache kupika. Na umaskini unaweza kuzaa vyote viwili. Kitenzi -husiana hakisemi nani alianza.

Nawashauri walimu wenzangu wajaribu zoezi hili darasani: wape wanafunzi habari moja ya afya, wapigie mstari kila kitenzi, kisha waulize kama ni -husiana, -ambatana, -changia, -sababisha au -ponya, na kama huenda au yaelekea vingefaa kutangulia. Ni sarufi, na pia ni ulinzi wa watu.

Hitimisho

Kijana yule alimaliza shahada yake. Sikumponya mimi. Wenzake walichanga, na mlezi wa wanafunzi alimtafutia kazi ndogo chuoni iliyomwezesha kupata chakula cha mchana. Mimi nilichofanya ni kidogo: nilihamisha mawasilisho kutoka saa mbili asubuhi hadi mchana, na kabla ya kuandika neno lolote juu ya mwanafunzi aliyenyamaza, humwita kando nikamuuliza, "Umekula?" Wengine hucheka, wakajibu kwamba wameshiba, kisha wakanieleza kinachowasumbua. Wengine hutazama chini. Katika hali zote mbili nimepata jibu ambalo daftari langu lisingenipa.