Kihenge chageuka mlima wa barafu baada ya mkulima kuruhusu

WAKULIMA wa jimbo la Iowa, Marekani, wanajulikana kwa mahindi na soya, si kwa milima. Hata hivyo, mwaka 2001 shamba moja karibu na mji wa Cedar Falls lilianza kupokea wageni wa aina yake: watu wanaokuja majira ya baridi kukwea barafu.

Mwenye wazo hilo alikuwa Don Briggs, wakati huo mwalimu wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Northern Iowa. Akiwa shambani kwa rafiki yake mkulima, alikitazama kihenge kirefu na kujiuliza kingekuwaje kama kingemwagiwa maji usiku wa baridi kali. Maji yakapandishwa juu kwa mpira, yakatiririka ukutani na kuganda tabaka juu ya tabaka. Wakweaji hukipanda kwa kamba, shoka ndogo na vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu.

Maji na baridi vilikuwapo siku zote. Kilichokuwa kikisubiriwa ni ruhusa ya mwenye shamba.

Hofu ya mkulima

Swali la kwanza la mkulima huwa ni hili: mgeni akianguka na kuvunjika mguu, nani atalipa? Mtu anaweza kupoteza shamba kwa sababu ya ukarimu wake.

Iowa ina sheria, Sura ya 461C, inayomkinga mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuitumia kwa burudani, ikiwamo michezo ya majira ya baridi. Lakini kinga hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, haimlindi anayefahamu hatari na kwa makusudi akaacha kuizuia au kuwaonya wageni. Pili, haimlindi anayetoza kiingilio. Anayetaka kutoza anapaswa kuhesabu kwanza gharama ya bima, kwani fedha ya kiingilio yaweza kuwa ndogo kuliko hasara moja.

Mipaka ya kinga hiyo ilionekana mwaka 2010. Wenye shamba la ng'ombe wa maziwa waliwakaribisha watoto wa chekechea. Mzazi aliyefuatana nao alitumbukia kwenye tundu la kuangushia nyasi kavu kutoka darini, akaumia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kuwa sheria haikuwakinga wenye shamba katika ziara ile. Wakulima walilalamika, na mwaka huohuo bunge la jimbo lilirekebisha sheria ili ziara za mafunzo nazo ziingizwe.

Namna ya kuomba

Anayetaka kukwea kwenye ardhi ya mtu hutafuta kwanza jina la mmiliki katika daftari za ardhi za wilaya, kisha humwendea mwenyewe ana kwa ana, mapema kabla ya msimu. Humweleza watakuja wangapi, siku zipi, na magari yatakaa wapi ili trekta lisizibiwe njia. Kama shamba limekodishwa, mpangaji naye huulizwa, maana mifugo ni yake.

Makubaliano huandikwa: nani anabeba bima, nani anaangalia barafu kila asubuhi, na nani ana mamlaka ya kusimamisha shughuli. Kila mgeni hutia saini kwamba anaifahamu hatari. Lango lililokutwa limefungwa hufungwa tena. Lango moja likiachwa wazi na ng'ombe wakatoka, ruhusa iliyotafutwa kwa mwaka mzima hufutwa siku hiyohiyo.

Mkulima wa Kilimanjaro anayepokea watalii katika shamba lake la kahawa hana barafu kwenye kihenge, lakini swali lake ni lilelile. Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, na amuulize mwanasheria mgeni akiumia itakuwaje, na aandike walichokubaliana. Mali bila daftari huisha bila habari.