Gari likichubua mti, mizizi hufa njaa

MITI ya kivuli iliyo kandokando ya barabara za Michenga, Ifakara, mkoani Morogoro, kama ilivyo katika miji mingine nchini, ina adui asiyebeba shoka: magari.

Chini ya gome kuna tabaka jembamba linalopeleka chakula kutoka majanini hadi mizizini. Bampa la lori likichubua sehemu ndogo, mti huweza kulifunika jeraha taratibu. Gome likitoka kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa, hata kama majani yatabaki mabichi kwa muda. Jeraha pia hufungulia njia kuvu wanaoozesha shina kwa ndani, na siku ya upepo mti huweza kuwaangukia wapita njia.

Dhara la pili halionekani. Wakati wa masika udongo hulainika. Magari yanayoegeshwa kivulini huushindilia, mizizi ikakosa hewa.

Kinga yake si ghali. Nguzo fupi imara au mawe makubwa, yakiwekwa mbali kidogo na shina, huzuia matairi. Matawi yanayoinamia barabara yakatwe mapema kwa msumeno, kabla malori ya mpunga hayajayang'oa pamoja na gome. Mti uliokwisha kuchubuliwa uondolewe gome lililolegea tu. Kuupaka rangi hakuzuii kuoza.

Anayekusudia kupanda mti mpya hana budi kwanza kuuliza mipaka ya hifadhi ya barabara kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, kwani mti ulio ndani ya hifadhi huweza kung'olewa barabara inapopanuliwa.