Waya wa Kioo Unaosikia Mlima Ukisogea

Je, msomaji, ulipokwenda mashambani likizo iliyopita uliutazama vizuri mteremko ulio nyuma ya nyumba ya babu? Huenda ua umepinda, mlango wa jikoni umekataa kufungika na ufa mwembamba umekata katikati ya migomba. Wazee husema nyumba imezeeka. Wakati mwingine si nyumba. Ni mlima unaotembea.

Si kila poromoko hupiga hodi. Yale ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019, yaliyoua watu zaidi ya 40, yalikuja usiku pamoja na mvua kubwa. Lakini kuna miteremko inayojongea polepole kwa miaka mingi, na hiyo yaweza kufuatiliwa.

Chukua kijiji cha Brienz, mashariki mwa Uswisi. Ardhi iliyokibeba, kanisa na nyumba zote, ilikuwa ikiteleza zaidi ya mita moja kwa mwaka. Mei 2023 wakazi, ambao hawakufika 100, waliamriwa kuhama. Usiku wa Juni 15 mwamba wa juu ukaporomoka, mawe yakafunika barabara na kusimama karibu kabisa na jengo la shule. Hakuna aliyeumia. Walirudi Julai, kisha Novemba 2024 wakahamishwa tena.

Onyo lile lilitokana na rada na vipimo vingine. Lakini hapo hapo Brienz wataalamu wamejaribu pia kitu ambacho huenda kimeingia hadi sebuleni kwako: waya wa faiba, ule ule unaoleta intaneti.

Ndani ya waya huo mna uzi wa kioo. Mashine iliyo upande mmoja hutuma miale ya leza. Kioo, hata kiwe safi namna gani, kina dosari ndogo mno, na kila moja hurudisha chembe ya mwanga ulikotoka. Mwanga husafiri ndani ya kioo kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kompyuta ikipima muda wa kurudi, hujua umetoka mita ya ngapi. Uzi ukivutwa au kutikiswa kidogo tu, kwa kiasi kisichofika hata unene wa unywele, mwanga huo hubadilika. Basi waya mmoja wa kilomita kadhaa huwa na masikio maelfu, ilhali kipimo cha kawaida husikia pale tu kilipochimbiwa.

Huko Hollin Hill, Yorkshire, Uingereza, waya uliofukiwa kwenye mteremko wa malisho uliwaonyesha watafiti ni sehemu gani ilianza kusogea na zipi zikafuata.

Taabu ni kwamba waya husikia kila kitu, malori na treni pia, na kompyuta lazima ifundishwe kutofautisha. Mashine yenyewe ni ghali. Nasi tuna nyaya za faiba tangu zilipotia nanga Mombasa mwaka 2009, lakini mimi naona swali gumu si waya: ni nani atakayempigia simu mama aliyelala mlimani saa nane za usiku?

Kwa sasa, ukiona ufa shambani, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande. Pima kati yao kwa kamba, andika tarehe, upime tena kila wiki. Umbali kati yao ukiongezeka, mwarifu chifu, na mvua ikianza usiwaache watoto walale hapo.